Kinga ya Utumbo: Hotuba kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii, Malindi

Wazee wetu, mama zetu, walimu wa shule na wa madrasa, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Ganda, Gede, Mambrui na hata kule Marafa: asalaam aleikum, na wote hamjambo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika Kenya nzima, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Kaunti yetu ya Kilifi ilikuwa na 37, na hakuna kaunti iliyoizidi. Tukisikia hivyo mawazo yote hukimbilia kwenye sufuria: mtoto hapewi chakula cha kutosha. Kwa wengi ni kweli. Lakini nyinyi mnaopita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupimia mkono mnamjua mtoto mwengine, anayekula, asiye na homa, asiyehara kila mara, na bado mstari wake kwenye kijitabu cha kliniki umelala. Mtoto huyo hawezi kueleweka bila kuujua utando wa ndani wa utumbo na kinga inayoulinda. Nitauelezea utando huo kwa urefu kidogo, mnivumilie, kwa sababu kila shauri nitakalotoa baadaye linatoka humo.

Ngozi ya mkono ina tabaka nyingi za seli, na zile za juu zimekufa na kukauka, kwa hiyo inahimili jua, chumvi na michubuko. Utando wa utumbo una tabaka moja tu la seli hai. Unene wake haufiki sehemu ya ishirini ya milimita. Haukuweza kuumbwa mnene, maana chakula lazima kipenye humo kiingie kwenye damu. Na ni mpana: ukiikunjua mikunjo yake na vile vijidole vidogo visivyohesabika vinavyoifunika, utumbo wa mtu mzima una eneo la mita za mraba 30 hivi. Upande mmoja wa tabaka hilo kuna chakula, kinyesi na bakteria, ambao kwa makadirio ya sasa ni kama trilioni 38 kwa mtu mzima, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana. Upande wa pili kuna damu.

Seli za utando haziishi sana. Huzaliwa chini kabisa, kwenye vishimo vilivyo baina ya vijidole, hupanda polepole kuelekea nchani, na baada ya siku 3 hadi 5 huanguka na kutoka na kinyesi. Ndiyo sababu utando huumia upesi na hupona upesi. Ujenzi huo wa kila siku unahitaji protini, zinki, vitamini A na foleti. Zikikosekana, vijidole hufupika na nafasi ya kufyonza chakula hupungua, na hapo hata chakula kizuri hupita bila kuchukuliwa chote.

Baina ya seli na jirani yake kuna mishono ya protini. Mishono hiyo haikuganda; hulegezwa na kukazwa kulingana na haja. Maji na chumvi hupita kwa kipimo, bakteria mzima hapiti. Uvimbe wa muda mrefu, yaani kinga inapopigana ndani ya utando bila kukoma, huilegeza, na vipande vya bakteria huanza kuvuja kuingia kwenye damu. Tutalirudia jambo hili la kuvuja.

Juu ya seli kuna ute, unaotolewa saa zote na seli ambazo hazina kazi nyengine. Kwenye utumbo mpana ute una matabaka mawili. La nje ni legelege, na bakteria wanakaa humo. La ndani ni zito, limeshikamana na seli, na kwa mtu mwenye afya karibu halina bakteria kabisa. Kwenye utumbo mwembamba tabaka ni moja tu na ni jepesi, kwa sababu hapo ndipo chakula kinapofyonzwa. Palipo na ute mwepesi pamewekwa ulinzi wa namna nyengine: chini ya vile vishimo kuna seli za Paneth, zilizopewa jina la daktari Joseph Paneth wa Austria aliyezieleza katika miaka ya 1880. Hizi humwaga protini ndogo zinazotoboa ganda la bakteria, pamoja na laisozimu, kimeng'enya kilekile kilichomo kwenye machozi na mate. Zimekaa chini kabisa kwa sababu pale ndipo zilipo seli mama zinazozaa utando mpya, na hizo zikifa hakuna utando tena.

Kabla ya yote hayo kuna asidi ya tumbo. Watu wa kujitolea huko Marekani walipomezeshwa bakteria wa kipindupindu ili kuujua ugonjwa huo, ilionekana kwamba mwenye asidi ya kawaida huhitaji bakteria kama milioni 100 ndipo augue. Asidi ilipozimwa kwa magadi, maelfu tu yalitosha. Hapa Malindi vidonge vya kukata asidi vinauzwa dukani kama peremende, na watu wanavimeza miezi na miezi bila kumwona daktari. Vina kazi yake, mwenye vidonda vya tumbo anavihitaji. Asiyevihitaji anapunguza ulinzi wake mwenyewe, na msimu wa kipindupindu ndio mbaya zaidi kufanya hivyo. Basi mwenye kiungulia kisichokwisha apimwe bakteria anayeitwa Helikobakta, yule ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua mwaka 1982 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, maana vidonda vingi ni vyake na vinaponyeka.

Sasa kinga yenyewe. Wengi wakisikia kinga huiwaza damu. Kumbe seli nyingi za kinga, kwa makadirio ya kawaida asilimia 70, zimo kwenye utumbo na kandokando yake. Kazi kubwa inayofanyika hapo ni kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazowashika vijidudu, ya aina ya IgA. Mtu mzima humwaga gramu 3 hadi 5 za IgA ndani ya utumbo kila siku, nyingi kuliko kingamwili za aina nyengine zote zikijumlishwa. Zinatengenezwa na seli za plazma zilizojipanga chini ya utando, zikiunganishwa mbilimbili. Seli za utando huzipokea upande wa ndani, huzivusha katikati ya mwili wa seli, kisha huziachia upande wa chakula zikiwa zimevikwa kipande cha protini kinachozikinga zisimeng'enywe.

Tazameni namna IgA inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo utumbo unapotofautiana na sehemu nyengine za mwili. Kingamwili za damu zikimshika adui huita seli zenye sumu, na mahali pale huvimba, hupata joto na huuma. IgA haiiti mtu. Inamgandia bakteria au virusi, inawashikanisha wengi pamoja, inawanasa kwenye ute, na wanatoka na kinyesi bila kuigusa seli hata moja. Tabaka lenye unene wa seli moja halistahimili vita vya kila siku. Kinga ya utumbo inapofanya kazi vizuri hatuisikii.

Mtoto mchanga hana IgA ya kwake. Seli zake za plazma huanza kuujaza utumbo baada ya wiki kadhaa, na huchukua miaka kufikia kiwango cha mtu mzima. Pengo hilo huzibwa na maziwa ya mama. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano na mazito, yana IgA mara nyingi zaidi kuliko maziwa ya baadaye, na bado ziko nyumba ambazo hukamuliwa na kumwagwa eti ni machafu. Mama, usiyamwage. Tena kuna jambo ambalo kila ninapolifikiria naona ukubwa wake: seli zinazotengeneza IgA ya maziwa zimetoka kwenye utumbo wa mama. Zilifundishwa huko, kisha wakati wa kunyonyesha zikasafiri kwa damu hadi kwenye matiti. Kwa hiyo mama anayeishi Mambrui, anayekunywa maji ya Mambrui, ana maziwa yenye kingamwili dhidi ya vijidudu vya Mambrui hasa. Hakuna kopo la maziwa ya unga linaloweza kufanya hivyo. Maziwa ya mama pia yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni chakula cha bakteria wema wanaoufunika utumbo wake mapema, wasiwaachie nafasi wabaya.

Kwa hiyo miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama matupu. Joto letu la Januari na Februari lisiwatishe: asilimia 87 ya maziwa hayo ni maji, na mtoto akiona kiu atanyonya zaidi. Kijiko kimoja cha maji ya kisima kinampelekea utando usio na kinga yake bado vijidudu ambavyo mama yake angemchujia.

Kinga hujuaje IgA ya kutengeneza? Kwenye utumbo mwembamba, hasa mwishoni mwake, kuna mabaka yanayoonekana hata kwa macho, aliyoyaeleza Johann Conrad Peyer wa Uswisi mwaka 1677. Juu ya mabaka hayo ute ni haba, na zipo seli za pekee ziitwazo seli M ambazo huchota vipande vya kila kinachopita na kuvipeleka chini. Mgeni hukalishwa barazani kwanza, akaulizwa atokako, kabla ya kukaribishwa ndani. Mabaka ya Peyer ndiyo baraza ya utumbo. Chini yake kuna seli zenye matawi zinazopokea vipande hivyo, kuvikagua na kuvionyesha kwa limfosaiti, ambazo ni aina ya seli nyeupe za damu. Limfosaiti zilizofundwa hutoka, hupita kwenye tezi za limfu, huingia kwenye damu, kisha hurudi kutawanyika chini ya utando wote. Zinajua njia ya kurudi kwa sababu zile seli zenye matawi hugeuza vitamini A kuwa asidi inayoziwekea limfosaiti alama ya utumbo. Mtoto asiye na vitamini A ya kutosha anaweza kuwa na askari wengi, lakini wachache watafika panapohitajika. Msidharau basi yale matone ya vitamini A ya kliniki: yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na yuniti 200,000 kila baada ya miezi 6 kuanzia mwaka mmoja hadi atimize miaka mitano. Baina ya dozi na dozi, embe, papai, boga, mchicha, mtsunga na kipande cha maini.

Sehemu kubwa ya vipande vinavyochotwa ni chakula na bakteria wa kila siku, na jibu linalotakiwa ni kuviacha. Miongoni mwa limfosaiti zipo seli T za kutuliza ambazo kazi yake ni kuzima ugomvi. Zinapokosekana, mwili hupigana na wali na samaki, au na bakteria wake mwenyewe, na utando hujaa vidonda visivyoletwa na kijidudu chochote. Bakteria wa utumbo mpana wenyewe husaidia kuzizalisha: wakichachusha nyuzinyuzi za chakula hutoa butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za utumbo mpana na ndiyo inayochochea seli T za kutuliza. Wakikosa nyuzinyuzi hula ute. Hili limeonekana wazi kwa panya wa maabara: walipolishwa chakula kisicho na nyuzinyuzi, ute wao ulikonda na vijidudu vikausogelea utando. Kunde, mbaazi, mtama, matunda na mboga zetu za majani zinatosha kabisa. Ninayemhofia ni kijana anayeishi kwa chipsi, mkate mweupe na soda.

Homa ya matumbo inaonyesha ulinzi huu unavyoweza kugeuzwa. Bakteria wake hupenyea kwenye seli M zenyewe, humezwa na seli za kinga, na badala ya kufa huishi ndani yake na kusafirishwa nazo hadi kwenye ini, wengu na uboho. Baadaye hurudi kwenye mabaka ya Peyer, na wiki ya tatu mabaka huweza kuoza na utumbo kutoboka. Mgonjwa aliyekuwa na homa kwa wiki mbili au tatu, kisha ghafla tumbo likamuuma sana na kukakamaa kama ubao, huyo ni wa kupasuliwa siku hiyohiyo. Msimwekee dripu ya kumtazamia hadi kesho. Na hapa niseme lililo moyoni: tunatibu karatasi nyingi za Widal, kile kipimo cha damu cha homa ya matumbo, kuliko wagonjwa wa homa ya matumbo. Kipimo hicho hutafuta kingamwili kwenye damu, nazo hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, tena huweza kutokea kwa sababu ya vijidudu vya jamaa. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu maabara. Kila kozi ya antibiotiki isiyo na sababu inawaua bakteria wanaolisha utando, na inawafundisha wale wabaya kuishinda dawa.

Chanjo nazo zinaeleweka vizuri zaidi ukiujua utumbo. Wazazi huniuliza kwa nini mtoto adondoshewe matone ya polio mdomoni na bado adungwe sindano ya polio wiki ya 14. Sindano hujaza kingamwili kwenye damu: virusi vikiingia mwilini havifiki kwenye mishipa ya fahamu, mtoto hapoozi. Lakini haiachi IgA ya maana kwenye utumbo, kwa hiyo virusi vinaweza kuzaana humo na kutoka na kinyesi kwenda kwa mtoto wa jirani. Matone hupita njia ileile ya virusi, yakaamsha mabaka ya Peyer, yakaacha IgA palepale. Sindano inamlinda mtoto, matone yanalinda mtaa. Hakuna anayechukua nafasi ya mwenzake.

Chanjo ya rota nayo ni ya mdomo, kwa sababu virusi vya rota hushambulia seli za ncha za vijidole na kuziangusha. Iliingia katika ratiba ya Kenya mwaka 2014, dozi ya kwanza ikiwa wiki ya 6. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010, chanjo hiyo ilizuia kuhara kukali kwa rota kwa asilimia 77 huko Afrika Kusini, na kwa asilimia 49 tu huko Malawi, ilhali katika nchi tajiri huzidi 85. Msivunjike moyo kwa hiyo 49. Malawi ugonjwa ni mwingi zaidi, kwa hiyo kati ya kila watoto 100 waliochanjwa, waliookolewa na kuhara kukali walikuwa wengi kuliko wa Afrika Kusini. Lakini swali linabaki: kwa nini chanjo ileile izae kinga ndogo kwenye utumbo wa mtoto maskini?

Jibu moja ni lile lile la mtoto tuliyeanza naye. Akikatwa kipande kidogo cha utando na kutazamwa kwa hadubini, vijidole vimefupika, vingine vimekuwa bapa. Seli T za kupigana zimejaa chini yake. Mishono imelegea. Vipande vya bakteria vinavuja, ini linavipokea, na mwili mzima unakaa katika uvimbe mdogo usiokwisha. Uvimbe huo hupunguza homoni ya kukuza mifupa. Huamuru pia ini litoe homoni iitwayo hepsidini, inayofunga mlango wa madini ya chuma, ndiyo sababu mtoto wa namna hiyo hupewa dawa ya damu na damu isipande. Na mtoto huyu huenda hakuhara mwezi mzima.

Hali hii si ya rangi wala ya ukoo. Vijana wa Kimarekani waliokwenda kufanya kazi za kujitolea huko Pakistan katika miaka ya 1960 waliipata, na waliporudi kwao utando wao ukarejea polepole. Inaletwa na kumeza vijidudu vya kinyesi kidogokidogo kila siku. Hakuna dozi moja kubwa ya kumuangusha mtu. Ni kinga isiyopata siku ya kupumzika, inayolazimika kuacha njia yake ya utulivu ya IgA na kupigana.

Kuiondoa si rahisi, na sitawadanganya. Yalifanyika majaribio makubwa huko magharibi mwa Kenya, Bangladesh na Zimbabwe. Lile la Kenya peke yake liliandikisha kina mama wajawazito zaidi ya 8,000, na matokeo yalitoka mwaka 2018. Familia zilipewa vyoo vilivyoboreshwa, klorini na vyombo vya kunawia mikono. Watoto hawakurefuka kuliko wenzao wasiopewa. Waliopewa chakula cha ziada walirefuka kidogo. Wako waliosema basi usafi hauna faida. Mimi nasoma vingine: kiasi kile cha usafi hakikutosha kuuzuia uchafu usifike mdomoni, kwa sababu njia ya mdomoni haipiti chooni na kisimani tu. Inapita uani. Mtoto wa miezi 8 akiwekwa chini hula mchanga, na kwenye mchanga kuna kinyesi cha kuku na mbuzi.

Mashauri yangu kwa hiyo yanaanzia uani. Kuku wafungiwe, au mtoto atengewe mahali: mkeka unaofuliwa na kuanikwa juani, juu yake ukingo wa mbao au wa makuti asitoke kutambaa. Kinyesi cha mtoto mdogo kitupwe chooni, kwani kina vijidudu kama cha mkubwa, wala kisifukiwe nyuma ya jiko. Uji ulioiva ukikaa kwenye joto letu zaidi ya saa 2 huwa shamba la bakteria. Upikwe wa kulika, au uchemshwe tena hadi utokote kabisa, kwani kuupasha vuguvugu huwazidishia tu. Maji ya kunywa yachemshwe yatokote kwa dakika nzima, au yatiwe klorini kwa kipimo cha chupa na kusubiriwa nusu saa. Maji yenye tope la mto Sabaki yachujwe kwanza kwa kitambaa, maana tope huimaliza klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kwenye udongo wetu wa kichanga msipunguze hata mita moja.

Minyoo nitaipitia haraka. Kinga yake ni tofauti: seli maalumu kwenye utando huinusa, huamsha ute mwingi na mikazo ya utumbo ili isombwe. Hufanikiwa nusu. Safura hunyonya damu ikiwa imeng'ata utando, na huingilia nyayoni, kwa hiyo viatu ni dawa. Albendazo ni miligramu 400 dozi moja, na nusu yake kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili.

Dawa za maumivu, hasa diklofenaki na aibuprofeni, huzuia kemikali inayouamuru utando utoe ute na upate damu ya kutosha. Mzee anayezimeza kila siku kwa ajili ya magoti anaweza kutokwa damu tumboni bila maumivu yoyote ya kumtahadharisha. Kinyesi cheusi kama lami ni dalili ya kwenda hospitali mara moja.

La mwisho ni kuhara kwenyewe. Sumu ya kipindupindu haivunji utando. Hufungua mifereji ya chumvi kwenye seli, chumvi hutoka na maji huifuata, hata lita moja kwa saa kwa mtu mzima aliyezidiwa. Lakini mlango mwengine unabaki mzima: ule unaoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja. Ukivipeleka vyote viwili kwa kipimo, vinaingia na maji yanavifuata kurudi ndani. Hiyo ndiyo siri yote ya ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Pakiti ya lita moja ina chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati gramu 2.9. Someni pakiti kabla ya kuchanganya: ziko za lita moja na ziko za nusu lita, na kosa la kawaida ni kutia ya lita moja kwenye kikombe. Sukari na chumvi zikizidi huvuta maji kutoka mwilini na kuhara huongezeka. Kama pakiti haipo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, kwa kijiko, polepole. Akitapika ngojeni dakika 10 muendelee. Anyonyeshwe na alishwe vilevile. Madafu ni mazuri lakini sodiamu yake ni ndogo mno, kwa hiyo yasichukue nafasi ya ORS kwenye kipindupindu, na soda kabisa msimpe. Macho yakiingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya ikirudi polepole, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye kinyesi, pelekeni kituo cha afya huku mkiendelea kumnywesha njiani.

Pamoja na ORS ni zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa hajatimiza miezi 6, kidonge kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Siku ni 10 hadi 14. Kina mama wengi huacha siku ya tatu kuhara kukikoma. Waelezeni kwamba zinki ya siku zilizobaki inakwenda kwenye ujenzi wa utando ulioangushwa, na kwamba mtoto aliyemaliza vidonge vyake hupungukiwa na hatari ya kuhara tena kwa miezi 2 hadi 3 inayofuata. Mkiwatembelea siku ya saba, ombeni muonyeshwe pakiti na mhesabu vidonge vilivyobaki.